Kuzidisha Kasi ya Tarakilishi: Mipaka ya Volti na Joto kwa Watumiaji wa Kisii na Nyamira

Utangulizi

Neno kuzidisha lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni ya hesabu: tano mara tatu ni kumi na tano. Maana ya pili ni kupita kiasi, kama mpishi anapozidisha chumvi. Katika makala haya neno hilo limechaguliwa kwa makusudi kwa sababu jambo linaloelezwa linahusu maana zote mbili. Kasi ya prosesa, yaani kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote za tarakilishi, hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi kwa namba fulani. Katika mashine nyingi mapigo hayo ni megahezi 100. Yakizidishwa mara 35, tunapata megahezi 3,500, yaani gigahezi 3.5. Mtumiaji anayeingia katika mipangilio ya baiosi na kuigeuza 35 kuwa 42 amezidisha kasi kwa maana ya kwanza. Swali linalotushughulisha hapa ni hili: ni wapi anapoanza kuzidisha kwa maana ya pili?

Huenda msomaji akashangaa kuona mada ya aina hii katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, ni bayana kwamba utafiti wetu wa leo umo ndani ya tarakilishi. Ngano za Abagusii tunazorekodi kutoka kwa wazee, hojaji, tasnifu na rasimu za mashairi yetu zote hupitia katika prosesa na kumbukumbu ya mashine. Aidha, katika miji ya Kisii, Keroka na Nyamira, tarakilishi moja ya mezani aghalabu huwatumikia watu wengi: ndugu wa nyumba moja, wateja wa duka la kuchapisha, au vijana wanaohariri video za harusi. Mashine kama hiyo ikiungua, si rahisi kupata nyingine kesho yake.

Makala haya yanashikilia kwamba sehemu ya kwanza ya kasi inayoongezwa huwa karibu ya bure, na sehemu inayofuata hulipiwa kwa gharama kubwa mno. Anayejua mpaka baina ya sehemu hizo mbili anaweza kufaidika bila kuihatarisha mashine wala kazi iliyomo.

Uhusiano wa kasi, volti na joto

Umeme unaofika majumbani mwetu ni wa volti 240. Prosesa ikipewa umeme huo moja kwa moja itateketea papo hapo. Kwa hivyo pawa saplai huushusha hadi volti 12, kisha bodi mama huushusha tena hadi volti 1.2 hivi. Volti hiyo ni ndogo, lakini mkondo wake si mdogo. Prosesa inayotumia wati 65 kwa volti 1.2 huvuta ampea 54, zaidi ya mara nne ya kipimo cha fyuzi ya ampea 13 iliyo katika plagi ya ukutani. Mkondo wote huo hupita katika kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na nguvu yake yote huishia kuwa joto.

Kanuni inayotawala joto hilo ni nyepesi kukumbuka. Nguvu inayotumiwa huongezeka sambamba na kasi, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa asilimia 10. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa asilimia 21. Nazo kasi na volti huandamana, kwa kuwa kila prosesa hufikia mahali ambapo haiwezi kwenda mbio zaidi bila kupewa volti zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme prosesa yetu inakwenda gigahezi 3.5 kwa volti 1.20, na inatumia wati 65. Chumba kina nyuzi joto 23 za Selsiasi, na kipozajoto kinaiacha prosesa ikiwa na nyuzi 45 juu ya joto la chumba, yaani nyuzi 68. Kazi ya kuandaa video inachukua dakika 60.

Hatua ya kwanza: tunaongeza kasi hadi gigahezi 3.8 bila kugusa volti. Nguvu inakuwa wati 71 hivi, joto linafika nyuzi 72, na kazi inamalizika kwa dakika 55. Hatua ya pili: tunaitaka gigahezi 4.2, na mashine inakubali tu baada ya kupewa volti 1.35. Nguvu inaruka hadi karibu wati 99, joto linafika nyuzi 91, na kazi inamalizika kwa dakika 50.

Dakika tano za kwanza zimetugharimu wati 6 na nyuzi 4. Dakika tano za pili zimetugharimu wati 28 na nyuzi 19. Mashine halisi zitatofautiana na mfano huu katika tarakimu, ila mwelekeo wake hautabadilika. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hapa mwenye pupa hula, lakini kila tonge linalofuata humgharimu zaidi ya lililotangulia.

Mipaka ya prosesa

Kuna njia mbili ambazo prosesa hudhurika. Njia ya kwanza ni ya ghafla. Ndani ya prosesa mna kuta za kuhami umeme zenye unene wa nanomita chache tu, na volti ikizidi mno kuta hizo hutoboka. Njia ya pili ni ya polepole. Mkondo wa elektroni husukuma atomi za metali katika nyaya nyembamba za prosesa, kama Mto Gucha unavyomega kingo zake wakati wa masika. Baada ya miezi au miaka, waya hukatika. Mnamo 1969 mhandisi James Black alichapisha kanuni inayoonyesha kwamba maisha ya waya wa aina hiyo hufupishwa na msongamano wa mkondo na, zaidi ya hayo, na joto. Ndiyo maana volti nyingi pamoja na joto jingi hudhuru kuliko kimojawapo kikiwa peke yake.

Kuhusu joto, watengenezaji wameweka mipaka inayojulikana. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguzia kasi zenyewe zinapofika nyuzi 100 hivi, na nyingi za Ryzen zinapofika nyuzi 90 au 95. Inafaa ieleweke kwamba huo ni ukingo wa shimo, si njia ya kupita kila siku. Katika mji wa Kisii, ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kwa hivyo prosesa yenye nyuzi 95 ina joto la sufuria ya maji ya ugali. Mtumiaji aliyezidisha kasi atafanya vyema kubakia chini ya nyuzi 80 wakati wa kazi nzito, na asikubali kabisa kupita 85.

Kuhusu volti, hakuna namba moja inayofaa kila prosesa. Kadiri sehemu zake zinavyokuwa ndogo, ndivyo volti inayovumilika inavyopungua. Kwa prosesa kama Core i5-2500K, iliyotoka mwaka 2011 ikiwa na teknolojia ya nanomita 32, wenye uzoefu huchukua volti 1.35 hadi 1.40 kuwa dari ya matumizi ya kila siku. Kwa kizazi cha Haswell cha nanomita 22, dari hiyo hushuka hadi 1.25 au 1.30. Kwa Ryzen za kwanza za mwaka 2017, ni 1.35. Kwa Ryzen za nanomita 7, volti isiyobadilika inayopewa viini vyote inafaa isizidi 1.25 hadi 1.30.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Mtu anaweza kuona Ryzen yake, ambayo hajaigusa, ikionyesha volti 1.45. Hilo si kosa. Mashine hutoa volti hiyo kwa muda mfupi wakati kiini kimoja kinapofanya kazi nyepesi na mkondo ni mdogo. Viini vyote vikishughulika, huishusha yenyewe. Anayeiona 1.45 hiyo na kuifunga hapo kwa viini vyote na kwa saa zote anafanya jambo tofauti kabisa.

Hata watengenezaji wenyewe wamewahi kuteleza. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikidhoofika kwa kupewa volti iliyozidi. Agosti mwaka huo ilitoa sahihisho linalozuia prosesa kuomba zaidi ya volti 1.55, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Mwenye mashine ya vizazi hivyo anapaswa kusasisha baiosi yake kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Mipaka ya kumbukumbu

Kumbukumbu inayozungumziwa hapa si diski inayohifadhi faili, bali ni vile vijiti vinavyoshikilia kazi wakati mashine imewashwa. Kila kizazi cha vijiti kina volti yake iliyowekwa na JEDEC, jumuiya inayosimamia viwango hivyo: DDR2 ni volti 1.8, DDR3 ni 1.5, DDR4 ni 1.2 na DDR5 ni 1.1. Vijiti vingi vya DDR4 vinavyouzwa kwa ajili ya kasi kubwa vimeandikwa 1.35, na mtengenezaji amevipima kwa volti hiyo. Kwa DDR3 vipo vilivyoandikwa 1.65, na hiyo ndiyo dari ambayo Intel iliionya isipitwe kwa prosesa zake za mwaka 2008. Kanuni salama ni moja: usipite volti iliyoandikwa kwenye kijiti chenyewe.

Aidha, kijiti hakiko peke yake. Ndani ya prosesa mna sehemu inayozungumza na kumbukumbu, nayo ina volti yake. Mnamo Aprili 2023 ziliripotiwa prosesa za Ryzen 7000 zilizoungua, na AMD ikatoa sahihisho la baiosi linaloizuia volti ya sehemu hiyo isipite 1.30. Katika baadhi ya bodi mama, volti hiyo ilikuwa imepanda kwa sababu tu mtumiaji aliwasha mpangilio wa kasi ya kumbukumbu. Kwa hivyo anayeongeza kasi ya vijiti sharti aangalie pia volti ya prosesa.

Kila chembe ya kumbukumbu ni kama mtungi mdogo uliotoboka. Hujazwa chaji ya umeme, chaji huvuja, na mashine huijaza tena. Kwa kawaida mitungi yote hujazwa upya kila milisekunde 64 hadi kijiti kifike nyuzi 85. Baina ya 85 na 95 sharti ijazwe kila milisekunde 32, kwa kuwa joto huharakisha kuvuja. Kijiti kilichozidishiwa kasi huweza kuanza kukosea mapema, hata kabla ya nyuzi 85.

Kosa hilo linamhusu mwanafasihi moja kwa moja. Prosesa ikishindwa, mara nyingi mashine huzima au kuganda, na mtu akajua. Kumbukumbu ikikosea, huenda asijue kamwe. Herufi p huhifadhiwa katika tarakilishi kama 01110000, na herufi t kama 01110100. Tofauti yake ni tarakimu moja tu. Mtungi mmoja ukikosea, neno alimpenda huwa alimtenda. Kikagua tahajia hakitalalamika, kwa maana yote mawili ni maneno halali. Msomaji wa tasnifu ataiona ngano ambamo mume alimtenda mkewe, ilhali mzee aliyesimulia alisema alimpenda. Katika faili ya sauti iliyobanwa, kosa la tarakimu moja huweza kuharibu kipande kizima cha masimulizi, na huenda aliyesimulia hayupo tena wa kurudia.

Hewa na umeme wa Gusii

Je, baridi ya nyanda zetu haitusaidii? Inatusaidia, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Ni kweli kwamba chumba cha Nyamira chenye nyuzi 22 kinaipa prosesa nafuu ya nyuzi 8 kuliko chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30. Hata hivyo, feni huondoa joto kwa kusukuma hewa, na hewa ya mita 1,700 ni nyepesi kuliko ya pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa kidogo zaidi kwa uzito, na kipozajoto hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa Kisii asichukue vipimo vya watu wa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari akadhani vitamfaa bila mabadiliko. Apime mashine yake mwenyewe.

Vumbi nalo ni adui. Anayejua kiwanda cha chai anafahamu kwamba majani mabichi hutandazwa na kupulizwa hewa ili yanyauke. Yakirundikwa mno, hewa haipenyi. Mapezi ya kipozajoto yaliyojaa vumbi la barabara huwa katika hali hiyohiyo. Aidha, mafuta mazito ya kupitisha joto yaliyo baina ya prosesa na kipozajoto hukauka baada ya miaka. Kusafisha mapezi na kupaka mafuta mapya hushusha joto bila hatari yoyote, na ndiyo kazi ya kutangulia.

Kuhusu umeme, pawa saplai nzuri hustahimili kupanda na kushuka kwa volti za ukutani. Volti 12 zinazotoka ndani yake hazifai kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Pawa saplai hafifu hushindwa kudumisha kiwango hicho mzigo unapoongezeka, na kuzidisha kasi ni kuongeza mzigo. Baadhi ya pawa saplai kuukuu zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Kwetu sharti iwe 230, la sivyo italipuka inapowashwa. Hali kadhalika, nyanda za Gusii zinajulikana kwa radi nyingi. Mvua ya alasiri inapokaribia, chomoa waya wa umeme na waya wa mtandao pia, kwa sababu radi haichagui mlango wa kuingilia.

Utaratibu unaofaa

Kabla ya yote, hakikisha kama mashine inakubali. Tarakilishi nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika, kama Dell OptiPlex, zimefungwa na haziruhusu mabadiliko haya. Kwa Intel, prosesa zilizofunguliwa huwa na herufi K mwishoni mwa jina na huhitaji bodi mama inayofaa. Kwa Ryzen, nyingi zimefunguliwa, ila bodi ya A320 hairuhusu kuzidisha kasi ya prosesa. Aliyefungiwa asihuzunike: kwa kazi ya kuandika tasnifu, kuongeza kijiti cha kumbukumbu au kuweka diski ya SSD kutamfaa kuliko gigahezi zozote.

Kwa mashine inayokubali, utaratibu ni huu. Kwanza, nakili kazi yako yote mahali pengine. Pili, safisha mashine, kisha pima joto lake likiwa katika kazi nzito kabla ya kubadilisha chochote. Tatu, andika volti ya kawaida, uifunge kwa mkono katika baiosi, kwa kuwa bodi mama nyingi zikiachiwa uamuzi huo huongeza volti kupita mahitaji. Nne, ongeza kasi ya prosesa kwa megahezi 100 kila mara, ukiijaribu kwa programu kama Prime95 na kutazama joto. Tano, mashine ikianza kukosea, rudi nyuma hatua moja au mbili na utulie hapo badala ya kuongeza volti. Sita, ishughulikie kumbukumbu peke yake baada ya prosesa kutulia, na uiache programu ya Memtest86+ iipime usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuirudisha kumbukumbu katika kasi yake ya kawaida.

Hitimisho

Imebainika katika makala haya kwamba volti salama na joto salama si namba za kukariri tu, bali ni matokeo ya uhusiano ulio wazi: kasi huongeza joto kidogo kidogo, volti huliongeza kwa kishindo, na joto pamoja na volti hula maisha ya mashine. Atakayeongeza kasi bila kuongeza volti, akabaki chini ya nyuzi 80 na kuiacha kumbukumbu katika volti iliyoandikwa juu yake, amezidisha kwa maana ya hesabu. Atakayefukuza dakika tano za mwisho amezidisha kwa maana ya chumvi. Kwa mwenye duka la video, hasara yake ni mashine. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, hasara inaweza kuwa sauti ya mzee ambayo haitapatikana tena, na mashine ambamo hifadhi hiyo huandaliwa inafaa iachwe katika kasi aliyoipanga mtengenezaji.